Andaa Meza Kabla Nyanya Hazijaiva

Hotuba hii ilitolewa kwenye mkutano wa wakulima wa bustani za nyumbani. Tunaiweka hapa yote kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika.

Mheshimiwa mwenyekiti, wanakikundi wenzangu, akina mama, akina baba, na ninyi vijana mliokaa kule nyuma: habari za asubuhi.

Naomba nianze kwa kuwauliza. Ni wangapi kati yenu mmeshaandaa vijiti vya kuegemezea nyanya, kamba za kufungia, mbolea na dawa ya viwavi? Nyosheni mikono. Ahsanteni, karibu wote. Na ni wangapi mmeshaandaa mahali ambapo nyanya zitapokelewa siku ya kuchumwa? Mikono imebaki michache, na ndiyo sababu nimesimama hapa.

Hebu tumfikirie mtu mwenye mashina kumi ya nyanya nyuma ya nyumba. Kwa miezi mitatu amemwagilia, amepogoa machipukizi, amepambana na viwavi na bakajani, ule ugonjwa unaokausha majani. Siku ya mavuno inafika. Anashika ndoo ya kwanza anayoiona, anachuma jua likiwa utosini, anaijaza ndoo mpaka juu, anaiacha mlangoni akisema ataishughulikia jioni. Jioni nyanya za chini zimepondeka, za katikati zimetobolewa na vikonyo vya wenzake, za juu zina joto kama zimetoka jikoni. Baada ya siku tatu nusu imeoza. Analaumu mbegu. Analaumu mvua. Lakini mbegu ilifanya kazi yake, na mvua pia. Kilichokosekana ni meza, kivuli na utaratibu.

Ndugu zangu, nyanya iliyochumwa ni hai. Nataka mtoke hapa na jambo hilo. Bado inapumua, bado inatoa joto, bado inapoteza maji kupitia kovu la kikonyo, bado inaendelea kujiivisha. Kila tunachopanga kuhusu meza, kreti, maji na rafu tunakipanga kwa sababu hiyo.

Tuanze na mahali penyewe. Meza ya mavuno ikae wapi?

Ikae kivulini, karibu na bustani, na isiwe na moshi wala moto wa jiko karibu yake. Kivuli kila mtu anakielewa. Tunda lililoachwa juani hupata joto kuliko hewa inayolizunguka, na tofauti hiyo inaweza kuzidi nyuzi joto 10. Kwa hiyo siku ambayo wewe unahisi joto la kawaida la nyuzi 28, nyanya yako iliyo wazi juani inaweza kuwa imekaribia 40. Ukiwa na paa la bati, liinue angalau mita mbili na nusu na uache pande wazi ili hewa ipite, kwa sababu bati la chini linarusha joto moja kwa moja mezani.

Na moshi je? Hapo nina kisa. Mwanzoni mwa karne iliyopita, wakulima wa malimau huko California walikuwa wakichuma matunda yakiwa ya kijani, wakiyaweka kwenye vyumba vilivyopashwa joto kwa majiko ya mafuta ya taa. Malimau yaligeuka manjano vizuri, na kila mtu aliamini ni joto linalofanya kazi hiyo. Baadhi yao wakabadilisha, wakaweka vyombo vya kisasa vya kupasha joto visivyotoa moshi ndani ya chumba. Joto lilikuwa lilelile, lakini malimau yakabaki kijani. Wataalamu wa Idara ya Kilimo ya Marekani wakaanza kufuatilia moshi wenyewe, na mwaka 1924 Frank Denny akaonyesha kwamba kilichokuwa kikibadilisha rangi ni gesi ya ethilini iliyomo kwenye moshi ule. Miaka kumi baadaye, mwaka 1934, Richard Gane huko Uingereza akathibitisha kwamba matunda yenyewe hutoa gesi hiyohiyo.

Mnaona kisa hicho kinatuhusu vipi? Nyanya inatoa ethilini na inaitikia ethilini. Ukiweka meza yako karibu na jiko la kuni, au karibu na mahali pikipiki inapowashwa, unaziivisha nyanya zako bila kupanga. Ukiacha nyanya moja iliyojeruhiwa katikati ya nzima, jeraha lenyewe linaongeza gesi, na jirani zake wanaiva kabla ya wakati wao. Wahenga walisema samaki mmoja akioza wote wameoza, na kwa nyanya kuna sababu mbili: gesi hiyo, na ukungu unaotambaa kutoka tunda hadi tunda pale yanapogusana.

Sasa meza yenyewe. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu wengi hudhani meza ni meza.

Urefu kwanza. Simama wima, kunja mkono upate pembe mraba kwenye kiwiko, kisha pima kutoka sakafuni mpaka chini ya kiwiko. Toa sentimita 5 hadi 10. Huo ndio urefu wa meza yako. Kwa watu wengi unaangukia kati ya sentimita 85 na 100, lakini usichukue namba yangu, chukua kiwiko chako. Meza ya kulia chakula kwa kawaida ina sentimita 75 hivi, na ndiyo maana mtu akichambua kreti nne juu yake anainuka ameshika kiuno. Kama meza uliyonayo ni fupi, inyanyue kwa matofali mawili mawili chini ya kila mguu na uhakikishe haiyumbi. Kama ndani ya nyumba wafanyakazi ni wawili na mmoja ni mfupi, meza ifuate mrefu, kisha mfupi asimame juu ya jukwaa la mbao lililo imara. Mrefu hana namna ya kujipunguza.

Upana wa kwenda mbele usizidi sentimita 60. Mkono wako unafika bila kuinama kiasi hicho, si zaidi. Urefu wa kwenda kando mita moja na nusu unatosha kabisa kwa bustani ya nyumbani. Ukingoni pigilia ubao wenye kimo cha sentimita tatu, kwa sababu nyanya huviringika, na nyanya ikianguka kutoka kiunoni haina tena sifa ya kuhifadhiwa.

Hata isianguke kutoka kiunoni. Kimo cha sentimita 15 au 20 juu ya mbao ngumu kinatosha kuumiza jeli iliyomo ndani, hasa kwa nyanya iliyoanza tu kugeuka rangi, na ngozi isionyeshe chochote. Siku chache baadaye tunda limekuwa jekundu na linapendeza. Ukilikata unakuta vyumba vya mbegu vina jeli iliyofifia, yenye rangi ya manjano na kijani, na ladha yake imepungua. Mtu anasema aina hii ya nyanya ni mbaya. Hapana, iliangushwa kwenye kreti Jumatatu. Kwa hiyo uso wa meza uwe na kitu laini kinachooshika: sponji nyembamba iliyofunikwa kwa plastiki nene inafaa sana. Taulo au gunia tupu havifai, kwa sababu vinanyonya juisi, havikauki, na kesho yake vimeshakuwa makazi ya ukungu.

Rangi ya plastiki hiyo iwe nyeupe au ya kijivu. Na turubai lililo juu yako lisiwe jekundu wala la machungwa. Nimeona wengine mmeshangaa. Jaribuni: chukueni nyanya moja iliyoanza kugeuka, iangalieni chini ya turubai jekundu, kisha iangalieni nje kivulini. Chini ya turubai itaonekana imeiva nusu. Kazi kubwa ya meza hii ni kutenganisha nyanya kwa rangi, na mwanga wenye rangi unadanganya jicho. Mwanga wa mchana uliopoa kivulini ni bora kuliko taa yoyote. Ukilazimika kufanya kazi jioni, tumia taa nyeupe, si ya njano.

Mpangilio wa vitu mezani uende upande mmoja tu. Kama unatumia mkono wa kulia, nyanya kutoka bustanini ziingie kushoto, zichambuliwe mbele yako, zitoke kulia. Kreti ya bustanini haivuki kwenda kulia, na kreti safi haiendi bustanini. Ni sheria ndogo lakini shikeni: udongo unabaki upande wa udongo. Chini ya meza, mbele ya miguu yako, weka ndoo yenye kifuniko kwa ajili ya taka. Bila kifuniko utawaalika inzi wadogo wa matunda, na wakishaingia watakaa nawe msimu mzima. Kwa hao wachache watakaofika hata hivyo, weka pembeni glasi yenye vidole viwili vya siki na tone moja la sabuni ya maji. Harufu inawavuta, na sabuni inavunja utando wa juu wa siki, basi wanazama.

Vifaa ni vichache. Mkasi mdogo wa bustani unaokata vizuri. Mizani ya jikoni. Kipimajoto cha kuchoma kwenye chakula. Utepe wa karatasi na kalamu ya kuandikia tarehe na aina. Vitambaa laini vikavu, sita hivi. Chupa ya spiriti ya asilimia 70. Beseni la kunawia mikono, sabuni, na taulo safi.

Kuhusu kreti, chukua za plastiki, zenye matundu ya hewa, laini ndani, zisizo na kina zaidi ya sentimita 20. Sanduku la mbao linapendeza, lakini lina vibanzi vinavyochoma na nyufa zisizosafishika. Ndani ya kreti usipange zaidi ya matabaka mawili ya nyanya zilizoiva, au matatu ya zile ambazo bado ni ngumu. Kilo kumi kwa kreti iwe mwisho, kwanza kwa ajili ya nyanya na pili kwa ajili ya mgongo wako. Ndoo ya lita 20 iliyojaa nyanya ina zaidi ya kilo kumi, na uzito huo wote unabebwa na nyanya zilizo chini kabisa. Ukiwa huna kitu kingine ila ndoo, tumia ya lita kumi na ujaze nusu.

Je, eneo lote la kupanga nyanya linatakiwa liwe kubwa kiasi gani? Hesabu ni rahisi. Nyanya ya ukubwa wa kati ina kipenyo cha sentimita 7 na uzito kama gramu 120. Zikipangwa tabaka moja, mita moja ya mraba inabeba karibu 200, ambazo ni kama kilo 20 na kidogo. Pima mavuno yako ya wiki moja kilele cha msimu kikifika, gawanya kwa 20, umepata mita za mraba za rafu unazohitaji kwa wiki hiyo. Ukikuta unahitaji mita mbili na chumba kina moja, jenga rafu mbili, moja juu ya nyingine, na uache sentimita 30 kati yake ili mkono na hewa vipite.

Tumeshaandaa mahali. Sasa twende tukachume, kwa sababu meza nzuri haiwezi kuokoa nyanya iliyochumwa vibaya.

Chuma asubuhi, lakini umande uwe umekauka. Asubuhi tunda limepoa usiku kucha. Lakini ukipita katikati ya majani yaliyolowa unabeba vimelea vya bakajani na vya magonjwa ya bakteria kwa mikono na nguo zako kutoka shina lenye ugonjwa hadi shina zima. Anza na mashina yenye afya, malizia na yale unayoyatilia shaka.

Mahali pa kukata ni wapi? Tazama kikonyo. Sentimita moja au mbili juu ya tunda, kwenye aina nyingi, kuna kifundo kilichovimba kidogo. Hapo ndipo mmea wenyewe umejiandaa kuachia. Shika tunda kwa kiganja kizima, kidole gumba kwenye kifundo, inua kidogo, litaachia. Usivute, usibane kwa ncha za vidole. Aina nyingine hazina kifundo hicho, na kwa hizo tumia mkasi au zungusha tunda taratibu litoke bila kikonyo. Kikonyo kikibaki kirefu, kikate kiwe kifupi kuliko mabega ya tunda. Kikonyo kikikauka kinakuwa mwiba, na sehemu kubwa ya matundu madogo tunayoyakuta kwenye nyanya hayakutobolewa na mdudu yeyote. Yametobolewa na kikonyo cha nyanya iliyokaa jirani.

Na mikono? Mwaka 1892 mwanasayansi wa Urusi, Dmitri Ivanovsky, alichukua utomvu wa majani ya tumbaku yaliyougua batobato, yaani ugonjwa wa mabaka kwenye majani, akaupitisha kwenye chujio lenye vitundu vidogo kiasi cha kuzuia bakteria wote. Utomvu uliopita bado uliambukiza. Huo ulikuwa mwanzo wa sayansi kuvijua virusi. Kirusi kile kile cha batobato ya tumbaku hushambulia nyanya. Kinaishi muda mrefu kwenye tumbaku kavu, kwenye udongo uliong'ang'ania kreti, kwenye mkasi. Hakihitaji mdudu wa kukibeba, kidole kinatosha. Kwa hiyo anayevuta sigara au kutafuna tumbaku anawe kwa sabuni kabla ya kugusa mmea wowote. Mkasi upanguswe kwa spiriti kati ya shina na shina, kwa ajili ya bakteria na ukungu, lakini jueni kwamba spiriti si ya kutegemea dhidi ya kirusi hiki. Kinachosaidia ni maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 200 kwenye lita moja ya maji: protini ya maziwa inakizunguka kirusi na kukizuia kushika mmea. Chovya mkasi na vidole humo kila unapohamia shina jingine, ikiwa bustani yako imewahi kuonyesha batobato.

Lile doa la kijani linalogeuka jeusi kwenye vidole baada ya kuchuma linatoka kwenye vinyweleo vidogo vya majani na mashina, na sabuni peke yake inahangaika nalo. Paka kwanza siki au juisi ya nyanya mbichi ya kijani, sugua, kisha nawa. Mtaona maji yakitoka manjano.

Tunachuma katika hatua gani? Wengi mnasubiri iwe nyekundu kabisa shambani. Ukiwa hauna wadudu, ndege, wala mvua ya ghafla, subiri, hakuna ubaya. Lakini tunda likishaanza kugeuka, kile kidoa cha waridi au manjano kikionekana kitakoni, sehemu kubwa ya kile mmea ulichokuwa unalilisha tunda imeshaingia, na tunda linaweza kumaliza kuiva mezani kwako bila kupoteza kitu kikubwa. Kuanzia hapo kila siku ya ziada shambani ni siku ya hatari. Mvua kubwa baada ya ukavu hujaza tunda maji haraka kuliko ngozi inavyoweza kutanuka, na mipasuko inatokea usiku mmoja. Mimi nashauri wazi: msimu wa mvua chumeni zikigeuka. Msimu mkavu chumeni zikiwa na rangi nusu au zaidi.

Zimefika mezani. Zichambue mara moja, zisilale. Weka makundi manne tu. Zilizoiva kabisa, za kula leo na kesho. Zenye rangi nusu, za siku mbili au tatu. Zilizoanza kugeuka, za wiki. Na za jikoni, yaani zenye mpasuko mbichi, ulemavu wa umbo au mchubuko mdogo, ambazo zikatwe na kupikwa siku hiyohiyo. Kila kreti ibandikwe utepe wenye tarehe.

Kwenye ndoo ya taka zinakwenda zenye ukungu, zenye harufu ya kuchacha, na zenye tundu la kiwavi lililolainika kandokando. Zile zenye kitako cheusi, kikavu kama ngozi, hazina ugonjwa wa kuambukiza. Ni kalsiamu iliyoshindwa kufika mwisho wa tunda kwa sababu maji yalikuwa leo mengi, kesho hakuna. Sehemu isiyo nyeusi inalika. Lakini nyanya hizo huwahi kuiva na kuwahi kuoza, basi zisikae na wenzake. Kwa wanaosindika kwenye chupa: nyanya zilizopasuka, zilizoiva kupita kiasi au zilizotoka kwenye shina lililokufa zinaweza kuwa na asidi kidogo kuliko inavyotakiwa. Hizo zisiingie kwenye chupa.

Sasa ndugu zangu, nisikilizeni vizuri kwenye suala la maji. Kwa nini tunaosha nyanya mara tu zinapotoka shambani? Kwa sababu zinapendeza? Kwa sababu ndivyo tulivyozoea?

Mwaka 1990, na tena mwaka 1993, watu katika majimbo kadhaa ya Marekani waliugua kwa bakteria wa salmonela. Wachunguzi walifuata nyuzi za milipuko yote miwili mpaka kwenye nyanya, na nyanya zile zikawarudisha kwenye kituo kimoja cha kufungashia huko South Carolina. Kilichotiliwa shaka ni birika la maji ambalo nyanya zilikuwa zikitumbukizwa. Jengo moja, birika moja.

Linatokeaje? Nyanya haijafungwa pande zote. Kovu la kikonyo ni mlango. Ndani ya tunda kuna hewa, na hewa hiyo ikipoa inasinyaa. Tumbukiza nyanya yenye nyuzi 32 kwenye maji ya nyuzi 20, na hewa ya ndani inasinyaa, maji yanafyonzwa kupitia kovu, pamoja na kila kilichomo ndani ya maji hayo. Baada ya hapo hakuna kuosha tena kutakakokitoa, kwa sababu kiko ndani.

Kwa hiyo msioshe nyanya siku ya kuchuma. Pangusa udongo kwa kitambaa laini kikavu, basi. Osha ile unayokwenda kula, chini ya maji yanayotiririka, dakika ileile. Kama mvua imerusha tope na lazima kuosha, fanya hivi. Acha nyanya zipoe kivulini. Toa moja sadaka, ichome kipimajoto mpaka katikati, soma. Maji yako yawe na joto la nyuzi 5 hivi juu ya hapo. Ukipata 24, maji yawe 29 au 30. Weka dawa ya klorini ya kung'arishia nguo isiyo na manukato wala sabuni: yenye nguvu ya asilimia 5, mililita 20 kwenye lita 10 za maji safi. Tabaka moja tu la nyanya ndani ya beseni, zisikae zaidi ya dakika mbili, zitolewe, zisuuzwe kwa maji safi yenye joto hilohilo, zikaushwe moja moja kabla ya kupangwa. Maji yakianza kuwa na rangi ya udongo, mwaga, kwa sababu udongo unamaliza nguvu ya klorini. Na dawa ya klorini isichanganywe kamwe na siki ile niliyotaja kwa ajili ya mikono. Mchanganyiko wake unatoa gesi ya sumu.

Nyanya iliyochumwa ni hai, kwa hiyo haitakiwi kupashwa sana wala kugandishwa. Chumba cha kuivishia kiwe kati ya nyuzi 18 na 22. Katika joto hilo nyanya iliyoanza kugeuka inafika wekundu kamili kwa muda wa wiki moja hivi. Ukivuka nyuzi 30 rangi nyekundu inashindwa kutengenezwa, na tunda linalainika likiwa la manjano na machungwa. Dirishani penye jua si mahali pake. Nyanya haihitaji mwanga ili iive, inahitaji joto la wastani, na jua la dirishani linapasha upande mmoja na kuuchoma. Panga tabaka moja, zisigusane, kovu la kikonyo likitazama chini kwenye uso laini ili maji yasitoroke kirahisi. Zenye kikonyo bado ziangalie juu. Zikague kila siku, toa yoyote inayolainika kabla haijatoa maji.

Na jokofu? Najua swali hili linakuja. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida na wenzao walichapisha matokeo ya nyanya zilizoiva zilizowekwa kwenye nyuzi 5 kwa siku saba. Sukari na asidi hazikubadilika sana. Kilichoshuka ni zile chembe za harufu ambazo ndizo zinazofanya nyanya iitwe nyanya mdomoni. Baridi ilizima jeni zinazozitengeneza, na hata baada ya tunda kurudishwa kwenye joto la kawaida, harufu haikurudi yote. Nyanya ambayo haijaiva inaumia zaidi: chini ya nyuzi 12 kwa siku kadhaa inapata madoa, inaoza upesi na haiivi sawasawa. Basi ambayo haijaiva isiingie jokofuni hata kidogo. Iliyoiva kabisa na imekushinda kuimaliza, iweke kwa siku mbili tatu, kisha itoe ikae nje kabla ya kuila. Iliyokatwa, hiyo lazima iingie jokofuni, kwa sababu ndani ya nyanya iliyokatwa bakteria wanakua vizuri.

Kazi ikiisha, meza ioshwe kwanza kwa sabuni na maji, kisha ipitishwe maji ya klorini, mililita 40 kwenye lita 10, iachwe ikauke yenyewe. Kuanza na klorini juu ya juisi na udongo ni kuipoteza. Kreti zisuguliwe kwenye pembe, ndipo mabaki yanapojificha, zigeuzwe zikauke juani, na zirudishwe kivulini usiku ili kesho zisipokee nyanya zikiwa za moto. Nyanya zenye bakajani au batobato zisiende kwenye mboji ya bustani. Fukia kwa kina mbali na vitalu, au choma.

Meza ya mfano ipo hapo nje chini ya mti, na kreti tatu za nyanya zilizochumwa leo asubuhi bado hazijachambuliwa. Naomba tugawanyike vikundi vya watu wanne wanne. Kikundi cha kwanza kianze kwa kunawa mikono, na kila mmoja apime kiwiko chake kabla hatujaamua tuweke matofali mangapi.